Watu wa njiti: historia fupi kwa ajili yetu tusiojua kuchora

Najua mmenisubiri. Miezi minne imepita bila neno hapa, na ile sehemu ya pili ya makala ya hifadhidata niliyowaahidi bado ni deni. Nitalilipa. Leo naomba mnivumilie niwasimulie juu ya watu wa njiti, wale wenye kichwa cha duara na mistari mitano, ambao kila mtoto aliyewahi kushika makaa amewachora ukutani akachapwa.

Kisa chenyewe ni hiki. Kazini tunatengeneza programu ya kuwasaidia watoto wa madarasa ya chini kusoma Kiswahili. Kila mtoto akiingia anachagua avata, yaani kile kipicha kinachosimama badala yake kwenye skrini. Tuko watano, wote watu wa msimbo, hakuna hata mmoja wa michoro. Pesa za mchoraji zilikatwa kabla mradi haujaanza. Mkubwa wetu akauliza nani anajua kuchora. Kimya. Mimi nikacheka, na aliyecheka ndiye aliyepewa kazi.

Mara ya mwisho kumchora mtu nilikuwa darasa la tatu, na mwalimu aliinua daftari langu juu darasa zima lilione. Hakuwa ananisifu. Tangu siku ile nikawa mtoto wa hesabu.

Basi nikafanya kile tunachofanya sisi tuliosoma sayansi ya tarakilishi tunapoikwepa kazi: nikaanza kusoma historia yake. Nilidhani ningesoma jioni moja. Nimesoma wiki tatu.

Nikaanzia Geneva. Huko mwaka 1799 alizaliwa Rodolphe Töpffer, mtoto wa mchoraji wa sifa aliyeitwa Wolfgang-Adam. Kijana alitaka kumfuata baba, macho yakamkatalia. Yalikuwa na ugonjwa uliomfanya asiiweze kazi ya rangi. Akaingia ualimu, na katika miaka ya 1820 akafungua shule yake ya bweni. Ili kuwafurahisha wanafunzi wake alichora hadithi za vituko kwa kalamu, picha baada ya picha, maneno mafupi chini ya kila moja. Wanahistoria wengi wa katuni wanamhesabu kuwa baba wa hadithi za picha kama tunavyozijua. Na alikuwa mtu ambaye kwa kipimo cha wakati wake hakujua kuchora vizuri!

Hakuzichapa mara moja. Madaftari yalipita mkono kwa mkono hadi majira ya baridi ya 1830 kuingia 1831, rafiki mmoja aitwaye Frédéric Soret alipoyafikisha Weimar kwa Goethe. Mzee Goethe, aliyekuwa na umri wa miaka 81, aliyapenda, akayasoma kidogo kidogo kama mtu anayeogopa kumaliza halua. Sifa zake zilipomrudia Töpffer, mwalimu akapata ujasiri, na hadithi ya Bwana Jabot ikachapwa mwaka 1833. Goethe alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Hapo nilisimama kidogo. Mtu alikaa na michoro yake sandukuni kwa miaka, na kilichoitoa ni msomaji mmoja aliyesema: hii ni nzuri, endelea.

Kuna jambo la kiufundi hapa ambalo watu wa tarakilishi mtalipenda. Töpffer alitumia njia ya kuchora kwa wino wa mafuta juu ya karatasi maalumu, kisha mchoro ukahamishiwa kwenye jiwe la kuchapia. Hakuhitaji fundi wa kuchonga, wala hakulazimika kuchora kinyumenyume. Mstari alioutoa mkono wake ndio uliomfikia msomaji, pamoja na makosa yake yote. Teknolojia iliyoruhusu mstari mbovu upite ndiyo iliyomzaa mchoraji wa katuni.

Mwaka 1845, mwaka mmoja kabla ya kufa, akatoa kijitabu juu ya sura za watu. Hoja yake ni kwamba huhitaji kusoma mifupa wala misuli ili uanze. Chora uso wowote, hata uwe mbovu namna gani. Lazima utakuwa na hali fulani: hasira, ubutu, ujanja, uchovu. Sasa chora mwingine, ubadilishe kitu kimoja tu. Angalia kilichobadilika. Rudia. E. H. Gombrich, katika kitabu chake cha 1960 kuhusu sanaa na macho yetu, aliiita hiyo kanuni ya Töpffer, na mimi nilipoisoma nikaona ni njia ileile ninayotumia kutafuta kosa kwenye msimbo: badilisha kitu kimoja, endesha, tazama.

Nikaijaribu kwa mtindo wetu. Niliandika programu ndogo ya mistari kama arobaini inayochora duara, macho mawili, nyusi mbili na mdomo. Nyusi nikazipa miinamo tisa, mdomo mikunjo tisa. Kitanzi ndani ya kitanzi, nyuso 81 kwenye karatasi moja. Nikaibandika karibu na mtungi wa maji ofisini bila kueleza kitu.

Kufikia saa nne watu walikuwa wamesimama pale wakibishana. Mwenzangu mmoja alijipata kwenye safu ya tatu. Mama anayetuletea chai na mandazi aliweka trei chini, akatazama kwa makini, akagusa uso mmoja kwa kidole.

"Huyu anadaiwa," akasema. Akasogeza kidole. "Na huyu ndiye anayemdai."

Tofauti kati ya nyuso hizo mbili ilikuwa nyuzi chache za mwinamo wa nyusi. Mdomo ulikuwa uleule. Nilikuwa nimesoma kurasa nyingi juu ya jambo hili, na mama huyu akalimaliza kwa sentensi mbili.

Kwa nini tunamwona mtu ndani ya vitu vichache hivyo? Scott McCloud, mchoraji wa Marekani, alilijibu mwaka 1993 kwa kitabu kizima kilichochorwa kama katuni. Anasema ukipunguza maelezo ya uso, kilichobaki kinapata nguvu zaidi, na kadiri uso unavyokuwa mtupu ndivyo wasomaji wengi zaidi wanavyoweza kujiweka ndani yake. Uso wenye kila kunyanzi ni wa mtu fulani. Duara lenye nukta mbili linaweza kuwa lako. Shikeni hoja hiyo, nitairudia, kwa sababu Kilifi ilinitoa jasho.

Neno avata lenyewe lilikuja kwenye michezo ya tarakilishi kutoka Kisanskriti, ambako ni kushuka kwa mungu duniani katika umbo la kiumbe. Mchezo wa Ultima IV ulilitumia mwaka 1985 kwa shujaa wake. Mwaka 1986 Habitat ya Lucasfilm, iliyochezwa kwa Commodore 64 kupitia laini ya simu, ikalitumia kwa kila mchezaji: kile kijitu kwenye skrini ni wewe uliyeshuka huko ndani. Walioubuni, Chip Morningstar na Randy Farmer, wameandika mengi juu ya yaliyowapata, na kichekesho ni kwamba waliotoa maagizo waligeuka kuwa wafuasi. Wachezaji walifanya yao.

Udogo nao ulikuwa shule. Susan Kare alipochora alama za Macintosh iliyotoka 1984 alianza kwa daftari la miraba, miraba 32 kwa 32, anapaka mmoja mmoja. Ukiwa na nafasi ndogo hivyo huwezi kujificha nyuma ya maelezo. Avata za miaka ya 2000 ziliishi katika hali hiyohiyo, pikseli 80 au 100 kila upande. Picha yako ya harusi ikipunguzwa hivyo inakuwa doa la kahawia. Mtu wa njiti anabaki mtu.

Sasa tuje kwenye mstari. Mwaka 1959 Paul de Casteljau, mwanahesabu aliyekuwa kazini Citroën, alipata njia ya kueleza mkunjo kwa nukta chache: unaunganisha nukta, unatafuta sehemu ileile ya njia katika kila kipande, unaunganisha ulizozipata, unarudia mpaka ibaki moja. Kampuni iliifanya siri. Kwa washindani wao Renault, Pierre Bézier alifika mahali palepale kwa njia yake, akaruhusiwa kuchapisha, na mkunjo ukabeba jina lake. Walikuwa wanatengeneza mabati ya magari. Mwaka 1987 Adobe ikaiweka mikunjo hiyo mikononi mwa wachoraji kwa programu ya Illustrator. Mwaka 2001 ikapatikana fomati huria ya wavuti, SVG, na mwaka 2003 kikundi kilichojitenga na mradi wa Sodipodi kikaanzisha Inkscape, programu huria ambayo hata mimi ninaitumia bila kulipa senti.

Faida ya mstari wa hesabu kwa asiyejua kuchora ni kubwa kuliko ya mchoraji hodari. Mkono wake unatetemeka? Haidhuru, nukta nne hazitetemeki. Amekosea? Anashika nukta na kuivuta, hana haja ya kufuta na kutoboa karatasi.

Na ilikuwa nyepesi. Wale wa rika langu mnakumbuka saiba za shilingi moja kwa dakika. Kabla ya nyaya za chini ya bahari, TEAMS na SEACOM, kufika Mombasa mwaka 2009, Kenya ilizungumza na dunia kupitia setilaiti, na video ilikuwa ni kungoja hadi muda uishe. Lakini katuni ya Flash ilipakuliwa. Ilikuwa na maelezo ya mistari, si picha za kila kitambo, kwa hiyo faili lilikuwa dogo. Mimi na binamu yangu tulikuwa tunachanga shilingi ishirini na kupigania kipanya.

Tulichokuwa tunakitazama ni Xiao Xiao. Wakati ule sikujua ina mwenyewe. Iliundwa na kijana wa China aitwaye Zhu Zhiqiang kuanzia mwaka 2000: vijitu vyeusi vinapigana kung fu kana kwamba dunia haina mvutano. Vichwa mviringo, viungo mistari, hakuna uso kabisa, na bado ulijua nani anaumia.

Nawasimulia kesi yake kwa sababu inagusa kila anayejifunza mtindo huu. Mwaka 2003 Nike ilitumia kijitu cheusi cha njiti katika matangazo yake. Zhu akashtaki Beijing. Desemba 2004 mahakama ikampa ushindi na fidia ya yuani 300,000. Nike ikakata rufaa, na mwaka 2006 mahakama ya juu ya Beijing ikaugeuza uamuzi: kijitu cha duara na mistari kilikuwapo kabla yake, ni mali ya wote, na alichokiongeza juu yake hakikutosha kuwazuia wengine.

Nimeisoma kesi hiyo nikiwa upande wa Zhu, halafu nikahama. Angeshinda, je, wale maelfu ya watoto waliokuwa wanajifunza kwa kumwiga wangekuwa wapi? Mimi na binamu yangu tungekuwa wapi? Hata hivyo inaniuma kwamba aliyefaidi mwanya huo ni kampuni yenye pesa kuliko sote. Sina jibu. Mawakili mnaosoma hapa, nielimisheni.

Walioiga walikuwa na uwanja wao. Newgrounds ya Tom Fulp, huko Marekani, mwaka 2000 ilianza kuruhusu yeyote apandishe kazi yake moja kwa moja, na watazamaji wakaipigia kura, sufuri hadi tano. Ikipata alama za chini mno, inafutwa. Kabisa. Aliyeipigia kura ya chini kazi iliyofutwa alipata pointi, na aliyeitetea iliyopona alipata pointi pia. Fikirieni una miaka kumi na mitatu, umekesha ukichora kijitu kinachoruka ukuta, na asubuhi watu usiowajua wameshakifuta na kulipwa pointi kwa kukifuta. Wengi waliondoka. Waliobaki walikuwa wazuri ajabu. Mwaka 2006 Alan Becker aliweka humo katuni ambamo kijitu cha njiti kinapigana na anayekichora, na mpaka leo watu wanaijua. Ila siamini kwamba moto ndio uliowafundisha. Nadhani uliwachuja tu, na sisi tunahesabu waliopita kwenye chujio na kusahau makapi, ambayo yalikuwa watoto.

(Flash yenyewe ilizimwa mwisho wa 2020. Kazi zile zingepotea, lakini kuna programu huria iitwayo Ruffle inayozifanya zichezeke tena kwenye kivinjari. Nimemwonyesha binamu yangu Xiao Xiao kwenye simu. Alinyamaza, kisha akasema bado ninamdai shilingi kumi.)

Kwa asiye na Flash palikuwa na Pivot, programu ya bure iliyoandikwa na Peter Bone. Inakupa kijitu kimoja chenye nukta nyekundu kwenye viungo na moja ya rangi ya chungwa ya kukisogeza chote. Unavuta goti, unahifadhi, unavuta tena. Bila kujua, tuliokuwa tunaichezea tulikuwa tunajifunza muundo wa mti: nyonga ni shina, paja ni tawi, goti linabeba mguu, na ukilisogeza tawi vyote vilivyoning'inia vinafuata. Miaka kadhaa baadaye mhadhiri alipoichora miti ubaoni nikasema moyoni, ah, kumbe ni Pivot.

Lakini avata za njiti ninazozizungumzia hasa, zenye nguo na silaha na nywele, zina chimbuko jingine. Septemba 2003 Mmarekani Rich Burlew alianza katuni ya wavuti iitwayo The Order of the Stick, mzaha juu ya mchezo wa Dungeons & Dragons. Watu wake wana vichwa vya duara, miili bapa na mikono ya mistari, ila kila mmoja anatambulika kwa rangi, nywele na kifaa anachobeba. Kiongozi wao Roy Greenhilt ni mtu mweusi mwenye kipara, na hilo nitalirudia.

Burlew anachora kwa vekta, na mtindo wake ukawaita watu. Ukitazama unasema: hata mimi naweza. Wasomaji wakaanza kujichorea avata kwa mtindo ule, kisha kuchoreana, kisha kufundishana, wengi kwa Inkscape kwa sababu Illustrator ilikuwa ghali. Mgeni alileta kijitu chake chenye shingo kama twiga, na aliyemtangulia kwa miezi sita akamwambia: punguza shingo, upana wa mistari yako haulingani, hii hapa namna ya kupanga macho. Mwaka 2012 Burlew aliomba dola 57,750 kwa Kickstarter ili achape upya kitabu kimoja kilichokwisha. Akapata dola 1,254,120 kutoka kwa watu 14,952. Kwa vijiti! Na Randall Munroe, aliyekuwa akifanya kazi za roboti kwa NASA, tangu 2005 amekuwa akichora xkcd kwa vijitu visivyo hata na macho, na kuanzia 2006 ndiyo kazi yake.

Haya, nirudi ofisini. Nikafungua Inkscape, nikachora. Nikawaambia wenzangu: kila Ijumaa saa tisa nitaweka nilichonacho ukutani, na sheria ni moja, hakuna kusema "nzuri" wala "mbaya", sema unachokiona. Sheria hiyo niliiiba kwenye namna tunavyokaguliana msimbo. "Msimbo huu mbaya" hausaidii mtu. "Hapa nikituma orodha tupu inaanguka" inasaidia.

Ijumaa ya kwanza: "Naona mtu aliyesimama kwenye upepo." Miguu yote miwili niliiinamisha upande mmoja. "Naona mikono imetoka masikioni." Kweli. "Naona mkubwa na mdogo wake." Hii ilinishangaza, kwa sababu vilikuwa viwili vya ukubwa sawa. Kumbe kimoja nilikinakili kutoka kwenye kikubwa nikakipunguza, na Inkscape ikapunguza upana wa mistari pamoja nacho. Kuna kitufe cha kuzuia hilo. Siku mbili zangu zilipotelea kwenye kitufe hicho, ninyi msirudie kosa langu.

Mkono wenye rangi nao una ujanja wake: chora mstari mnene mweusi, unakili, punguza unene wa nakala, ipake rangi ya ngozi, iweke juu. Mweusi unaochungulia pembeni ndio mpaka. Macho ni mayai mawili yanayokaribiana, na mboni ndizo zinazosema anatazama wapi. Ukiziweka katikati kabisa anakuwa kama aliyeona jini. Ijumaa ya tatu mama wa chai alipita akauliza, "Mwanangu, huyu tumbo linamsumbua?" Nikamjibu, "Hapana mama, anatabasamu." Akatikisa kichwa. Nikaushusha mdomo pikseli mbili, nikauzungusha kidogo. Juma lililofuata alipita bila kusema kitu, nikajua tumefika.

Shida yangu kubwa ilikuwa nywele. Vijitu vyangu vyote vilikuwa vipara. Mifano niliyoipata ya nywele ilikuwa ya nywele zinazoanguka: mkunjo mmoja mrefu, umemaliza. Nywele zangu mimi ni za kusuka, na haziko kwenye mkunjo mmoja. Na hapo hoja ya McCloud ikaanza kunikwaruza. Duara tupu linaweza kuwa yeyote, sawa, lakini karatasi ni nyeupe, na duara tupu juu ya karatasi nyeupe lina rangi tayari. Hata vikaragosi vya simu vilipata rangi tano za ngozi mwaka 2015 tu, kwa toleo la 8 la Unicode. Ndiyo maana Roy alinifurahisha: 2003, kijiti, mweusi, na ndiye mkubwa wao. Ila hata yeye ni kipara, kwa hiyo kwa nywele hakunisaidia.

Nikatumia majuma matatu. Mistari ya msuko nikaifuatisha umbo la kichwa, kutoka kwenye paji hadi kisogoni, nyembamba kuliko mstari wa mpaka. Nikatengeneza afro, rasta, vifundo, mkia wa nyuma. Kwa mara ya kwanza tangu darasa la tatu nilikuwa nimechora kitu nilichotaka mtu akione.

Tukapeleka kwenye shule moja Kilifi, watoto 31 wa darasa la pili, tabuleti tisa. Nilisimama nyuma na daftari. Wengi walichagua kipara. Kipara! Nikamuuliza msichana mmoja kwa nini, akaniangalia kama sielewi kitu. "Huyu ni mwanafunzi," akasema. Akapapasa kichwa chake kilichonyolewa. Shuleni kwao wote wananyolewa. Majuma yangu matatu ya misuko wao waliyaona ni ya watu wazima, "tichaa" na "anti wa saluni".

Wa pili alikuwa na mtandio mweupe. Alizipitia avata zote, mbele na nyuma, kwa subira, kisha akanirudishia tabuleti. "Tichaa, mimi simo."

Nilikuwa nimefikiria rangi ya ngozi, nimefikiria nywele, nimesoma kuanzia Geneva hadi Beijing, na nimekwenda pwani bila mtandio. Nikaketi sakafuni palepale, nikafungua tarakilishi mapajani. Mtandio kwa watu wa njiti ni rahisi kuliko msuko: umbo moja kuzunguka uso, jingine linaloshuka mabegani, mkunjo mmoja chini ya kidevu. Yeye na wenzake watatu walinizunguka wakinikosoa. Panapana sana. Unaziba jicho. Mweupe, si wa buluu, wa buluu ni wa madrasa ile nyingine. Nilivuta nukta, wakasema bado, nikavuta, wakasema bado. Dakika ishirini hivi. Halafu akaichukua tabuleti mkononi mwangu, akaenda kukaa.

Toleo jipya lina mitandio ya aina tatu na kofia moja, na vipara nimevirudisha juu ya orodha vikiwa na sweta ya shule. Kuna mvulana aliyetaka awe juu ya baiskeli, na nimemwahidi. Baiskeli imenishinda mara nne: magurudumu ni maduara, hayo nayaweza, ila kila nikimkalisha mtu juu yake goti linapita ndani ya usukani. Kama kuna anayejua, aniandikie kabla ya tarehe kumi na tano.